Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: ushuru wa usafi tunalipa, taka hazizolewi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya

Nakala: Mwenyekiti wa Halmashauri, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Afisa Mazingira wa Wilaya, Mtendaji wa Kata

YAH: KUTOZOLEWA KWA TAKA ZA KAYA NA ZA GULIO KATIKA KIJIJI CHETU

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia nikiwa mkazi wa kijiji cha mwambao wa Ziwa Victoria na mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji hicho. Jina la kijiji na la halmashauri siyataji hapa, kwa sababu shabaha ya barua hii si kukufedhehesha wewe wala watumishi walio chini yako. Kijiji chenyewe unakijua, kwa kuwa barua zetu zilizotangulia, zenye mhuri wa mtendaji na zilizoambatanishwa na muhtasari wa mkutano mkuu, zilipokelewa katika masjala ya ofisi yako. Hoja hii imejadiliwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, imefikishwa na mheshimiwa diwani katika baraza la madiwani, na kila mara imerudi kwetu na jibu lile lile, kwamba suala linafanyiwa kazi. Tumesubiri kwa adabu, na adabu hiyo hatujaiacha leo. Tumeamua tu kwamba jambo lisilojibiwa ofisini lisemwe hadharani, mbele ya wananchi wa vijiji vingine ambao, kwa tunavyosikia kutoka kwa ndugu na jamaa, wanaishi na tatizo hili hili.

Naomba kwanza niondoe dhana moja. Hatuiombi halmashauri itubebee kila kinachotoka jikoni. Maganda ya mihogo na ya ndizi, majani yanayofagiwa uani, majivu, mabua na samadi kwetu ni mali: huliwa na mbuzi, hurudi shambani, au hufukiwa yakawa mboji, na katika kaya nyingi za kijijini hayo ndiyo sehemu kubwa ya taka zote. Kazi hiyo tuliikuta kwa wazee wetu na tutaendelea nayo. Tunachozungumzia ni sehemu inayobaki, ile isiyooza, isiyoliwa na isiyochomeka bila madhara: chupa za plastiki za maji na soda, vifungashio vya biskuti na sabuni ya unga, pampasi, makopo, vioo vilivyovunjika, nyavu za timba (za uzi mmoja wa plastiki) zilizochakaa, betri, na vyombo vya dawa za kuulia wadudu wa pamba. Kwa uzito si nyingi, lakini kaya haina njia ya kuzimaliza. Shimo la nyuma ya nyumba lilitosha wakati ambapo karibu kila kilichotupwa kilioza. Leo tunafukua shimo lile lile baada ya miaka na kukuta mifuko ikiwa bado na rangi zake. Hapo ndipo wajibu wa kaya unapokoma na wajibu wa halmashauri unapoanza, na malalamiko yetu yote yanatoka katika kuachwa kwa wajibu huo.

1. Fedha zinakusanywa, huduma haionekani. Siku ya gulio kila anayetandika bidhaa chini, hata mama mwenye mafungu machache ya nyanya juu ya salfeti, hulipa ushuru unaojumuisha usafi, na hupewa risiti ya mashine yenye jina la halmashauri. Wenye maduka, mama lishe na wafanyabiashara wa dagaa hulipa vilevile. Hatugomi kulipa. Lakini kilichojengwa kwa jina la usafi ni vizimba viwili vya matofali, visivyo na paa wala mlango, ambavyo hujaa baada ya magulio machache na kisha hukaa vimefurika kwa miezi. Trekta lenye tela lililokuwa likija kuvizoa halionekani tena, na tuliwahi kuambiwa kwamba kazi hiyo imekabidhiwa mzabuni, ambaye sisi hatujapata kumwona. Katika mkutano mkuu wa kijiji wananchi waliuliza kiasi gani kimekusanywa kwa ajili ya usafi na kimetumika wapi. Mtendaji wetu, ambaye simlaumu hata kidogo, alijibu kwamba fedha zote huingia katika akaunti ya halmashauri na kwamba kijiji hakiletewi mchanganuo wake. Swali hilo tulilileta kwako kwa maandishi, na bado halijajibiwa.

2. Vizimba vikifurika, taka humwagwa korongoni. Hili ndilo linalotuumiza kuliko yote, na naomba univumilie nilieleze kwa urefu. Vibarua wa gulio, wasio na gari wala maelekezo mengine, hupakia taka kwenye matoroli na kuzimwaga katika korongo lililo chini ya soko. Kiangazi korongo hilo ni kavu, na mtu mgeni anaweza kudhani ni mahali pazuri pa kutupa. Mvua za vuli zikianza huwa mto unaoshuka moja kwa moja ziwani, na mdomo wake upo ufukoni pale pale ambapo wanawake na watoto huchota maji na wachakataji huanika dagaa. Baada ya mvua kubwa ya kwanza tunakuta chupa, ndara, mifuko na pampasi vimenasa kwenye matete, na maji ya kunywa yanachotwa katikati yake, kwa sababu kituo cha maji ya bomba kilicho karibu hakitoshi watu wote.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Kwa kifungu hicho wapo majirani zetu walioamriwa kung'oa bustani zao za mchicha na nyanya zilizokuwa karibu na maji, nao wakatii. Jalala linaloongezeka kila wiki katika eneo hilo hilo, kwa kazi inayolipiwa kwa ushuru wetu, halijazuiwa na yeyote.

Kinachoingia ziwani hakipotei. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliochunguza sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza, na walikuta plastiki ndani ya matumbo ya samaki wa aina zote mbili. Ziwa hili, tunaloshirikiana na Kenya na Uganda, lina mto mmoja tu unaotoka, nao ni Nile. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke, na plastiki haigeuki mvuke. Jua na mawimbi huikatakata mpaka ikawa chembe ambazo samaki humeza pamoja na chakula chake. Sisi tunaishi kwa sangara, sato na dagaa, na halmashauri yenyewe hupata mapato yake kutokana na samaki hao hao. Wafugaji nao wana kilio chao: ng'ombe na mbuzi hufuata mabaki ya chakula korongoni, humeza na mfuko, na plastiki isiyomeng'enyeka hujikusanya tumboni mpaka mnyama anakonda na kufa huku malisho yapo. Wachinjaji wetu wanayajua mafundo hayo ya plastiki, kwa kuwa wanayatoa matumboni kwa mikono yao.

3. Zisizomwagwa huchomwa. Jioni, gulio likiisha, vizimba huwashwa moto, na moshi wake huelekea zahanati na shule ya msingi kulingana na upepo. Moto wa wazi hauna joto la kutosha kuunguza plastiki ikaisha; hutoa masizi na gesi zenye sumu, na plastiki yenye klorini, kama vipande vya mabomba na baadhi ya ngozi bandia za mikoba, hutoa daioksini, ambayo ni sumu kali. Mama anayejifungua katika zahanati ile hana namna ya kuukwepa moshi huo.

4. Taka za hatari huchanganywa na nyingine. Pampasi zimeingia kila kitongoji, na hatuwezi kuwalaumu wazazi kwa kuzitumia. Lakini pampasi hubeba kinyesi, na ikifika ufukoni huwa imebeba pia hatari ya kuhara na kipindupindu, ugonjwa ambao mikoa ya Kanda ya Ziwa imekwisha kuujua kwa misiba. Betri za taa za kuvulia dagaa zikifa, mafundi huzivunja ili kupata madini ya risasi (lead) ya kuuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na tindikali humwagwa chini, wakati mwingine kando ya uwanja wanaochezea watoto. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri za aina hii, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 kwa madhara waliyoyapata. Sisi hatuna kiwanda, ila tuna vijana wanaofanya kazi kama hiyo nyuma ya nyumba, bila glovu, huku wadogo zao wakitazama. Vyombo vya dawa za pamba navyo husuuzwa ziwani na kutumika tena kubebea mafuta ya kula au maziwa, kwa sababu ni vizuri, vina vifuniko, na hakuna mahali palipotengwa pa kuvirudisha.

5. Tunatozwa faini kwa kosa tusilopewa njia ya kuliepuka. Sheria ndogo ya usafi inamwadhibu anayetupa taka ovyo, nasi tunaikubali. Lakini mgambo wanapomkamata mchuuzi kwa taka zilizo karibu na meza yake, ilhali kizimba kimefurika mpaka barabarani, mchuuzi huyo anaadhibiwa kwa uzembe usio wake.

Ndugu Mkurugenzi, baadhi ya majibu tumekwisha kuyasikia, na mengine tunayatarajia. Naomba kuyajibu mapema ili tusipoteze muda.

Huenda tukaambiwa kwamba uzoaji wa taka ni huduma ya miji, na kwamba halmashauri yetu ni ya vijijini. Sheria ya mwaka 2004 imeweka jukumu la usimamizi wa taka ngumu mikononi mwa mamlaka za serikali za mitaa, na halmashauri ya wilaya ni mojawapo ya mamlaka hizo. Sheria hiyo hiyo imetaka kuwepo kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji na kitongoji. Kama serikali iliona taka za kijijini zinastahili kamati, hatuoni kwa nini zisistahili gari.

Huenda tukaambiwa kwamba tatizo la plastiki lilimalizika tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara. Marufuku ile ilikuwa na manufaa makubwa, na sisi tuliokuwa tukiona mifuko ikining'inia kwenye kila mti wa mwiba tunaishukuru serikali kwa dhati. Lakini ililenga mifuko ya kubebea bidhaa. Chupa, vifungashio vya viwandani na pampasi havikuguswa, navyo ndivyo vinavyojaza korongo leo.

Jibu la barabara mbovu tumelisikia zaidi ya mara moja. Barabara ni mbovu kweli, hasa masika. Hata hivyo magari ya soda na bia hufika kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe, na hapa pana jambo ambalo ningependa wataalamu wako walitazame kwa makini. Chupa ya soda ya kioo huioni korongoni. Haionekani kwa sababu ina thamani: mwenye duka akiipoteza, analipa, na gari lililoileta ndilo linaloirudisha kwenye kreti yake. Chupa ya plastiki huja na gari lile lile, lakini haina anayeidai, na gari hurudi mjini likiwa na nafasi. Halmashauri inayotoa leseni za biashara na kukusanya ushuru kwa wasambazaji hao ina nguvu ya kukaa nao mezani na kuwataka warudi na chupa zilizofungwa kwenye magunia. Kijiji peke yake hakina nguvu hiyo.

Kuhusu kwamba urejelezaji, yaani kuzigeuza taka kuwa bidhaa mpya, haulipi, nakiri kwamba hoja ina ukweli ndani yake. Chupa tupu ya maji ya nusu lita haifiki gramu 20, kwa hiyo kilo moja inahitaji chupa zaidi ya 50, na gunia lililojaa chupa limejaa hewa. Mnunuzi wa mjini hawezi kuja kwa ajili ya hewa. Chuma chakavu hufuatwa mpaka vichochoroni kwa sababu kina uzito na bei. Chupa itafuatwa pale tu itakapokuwa imekusanywa kwa wingi, ikiwa safi, na kubanwa kwa mashine. Mashine moja ya kubana, iliyowekwa makao makuu ya kata au ya tarafa, ingehudumia vijiji vingi kwa pamoja. Hiyo si kazi ambayo kaya inaweza kuianza, na hata kikundi cha vijana hakiwezi bila mkono wenu.

Jibu la mwisho, na lenye kuumiza, ni kwamba wananchi hawana mwamko. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, watu wetu hutoka na mafagio, mapanga na majembe. Hufagia gulio, huzibua mifereji, hukusanya taka katika marundo na kurudi majumbani wakiamini kwamba gari litakuja. Marundo hukaa hapo mpaka upepo, mbuzi na mvua viyatawanye. Watu wakifanya hivyo mwezi baada ya mwezi bila matokeo, mahudhurio lazima yapungue, na si haki kupungua huko kukatajwa kuwa ndiyo sababu ya taka kutozolewa.

Kwa hayo yote, tunaomba mambo yafuatayo, na tumejitahidi yawe ndani ya uwezo wa halmashauri ya wilaya kama yetu.

Kwanza kabisa, tunaomba taarifa ya maandishi ya mapato ya usafi yaliyokusanywa katika gulio na maduka ya kijiji chetu kwa mwaka wa fedha uliopita, na matumizi yake, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji na isomwe katika mkutano mkuu. Kama kuna mkataba na mzabuni, tuelezwe anatakiwa kufika lini na nani anamsimamia.

Tunaomba ratiba: vizimba vizolewe baada ya kila gulio, na taka kavu za kaya, zile zisizooza, zichukuliwe kila baada ya wiki mbili kutoka kituo kimoja katika kila kitongoji. Hatuhitaji gari lipite mlango kwa mlango; tutabeba wenyewe hadi kituoni, tukiwa tumezitenganisha. Vituo viwe na paa na wavu unaofungwa, ili mbuzi wasiingie na chupa zisilowe. Kwa uzoaji wa ndani ya kijiji, kikundi cha vijana chenye guta moja kinatosha, na halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vyetu vipo na viko tayari kuomba. Vilichokosa mpaka sasa ni uhakika kwamba taka zitakazokusanywa zitapelekwa mahali.

Mahali hapo ndipo penye ombi letu zito zaidi. Jalala la korongoni lifungwe kabla ya mvua za vuli, taka zilizomo ziondolewe, na litengwe eneo halali la dampo, mbali na maji, kwa kushirikiana na halmashauri ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Serikali ya kijiji imekwisha kusema kwamba iko tayari kujadili eneo. Inamsubiri mtaalamu wa kuja kulipima. Wakati huo huo tunaomba sanduku la kufungwa kwa kufuli litakalopokea betri zilizokufa na vyombo vya viuatilifu, liwekwe ofisi ya kata, na Afisa Mazingira, akishirikiana na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, aelekeze litakavyoondolewa. Uchomaji wa taka karibu na zahanati na shule ukomeshwe mara moja, kwa kuwa hilo halihitaji bajeti yoyote. Na mpaka huduma itakapoanza, tunaomba wachuuzi wasitozwe faini kwa taka zilizomwagika kutoka kwenye vizimba visivyozolewa.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu kuchapishwa kwa barua hii. Tusipolipata, kamati yetu imekwisha kuazimia kulifikisha suala hili kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, pamoja na picha na nakala za risiti za ushuru. Tungependa zaidi kulimaliza na wewe. Karibu siku yoyote ya gulio, ikiwezekana pamoja na Afisa Mazingira na Mweka Hazina. Wajumbe wa kamati watakupokea ofisi ya kijiji na kukutembeza sokoni, korongoni na ufukoni, na wenye risiti watakuwa nazo mkononi.

Nawasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mjumbe wa Kamati ya Mazingira ya Kijiji,
kwa niaba ya wakazi